Laza, Zima na Akiba: Istilahi za Hali za Mapumziko ya Kompyuta na Mahitaji ya Watumiaji wa Mkoa wa Singida

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maneno ya Kiswahili yanayotumika kutaja hali ambazo kompyuta huingia pale inapoachwa bila kufanyiwa kazi. Inadaiwa humu kwamba maneno mengi yaliyopo, hususan lala na hali tuli, yanaficha tofauti moja iliyo muhimu kuliko zote kwa mtumiaji wa mahali ambapo umeme hukatika: je, kazi iliyo wazi inategemea umeme, au imekwisha kuwekwa mahali pasipohitaji umeme? Kwa kuzingatia mazingira ya Mkoa wa Singida, makala yanapendekeza seti ya istilahi nne zinazojengwa kwa vitenzi viwili, laza na zima, pamoja na kirai kimoja, kwa akiba. Mwishoni yanaonyesha jinsi istilahi hizo zinavyoweza kuongoza uchaguzi wa mipangilio ya umeme katika shule na ofisi.

1.0 Utangulizi

Suala la istilahi za sayansi na teknolojia limewashughulisha wanaisimu wa Kiswahili kwa muda mrefu. Kazi hiyo ilianza tangu wakati wa Kamati ya Lugha ya Makoloni iliyoundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, liliendelea nayo, na hali kadhalika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mwaka 2009 ilirithiwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) waliandika kiongozi cha uundaji wa istilahi ambacho hadi leo ni kitabu cha lazima kwa mwanafunzi wa uwanja huu.

Katika uwanja wa kompyuta hasa, hatua kubwa zilipigwa katika miaka ya 2000, pale programu huria zilipoanza kutafsiriwa. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye makampuni makubwa ya programu nayo yalitoa tafsiri zao. Kutokana na juhudi hizi na nyinginezo, maneno kama vile faili, tovuti, barua pepe, nywila na kishikwambi yamekuwa sehemu ya lugha. Neno kishikwambi ni mfano mzuri wa istilahi iliyosafiri pamoja na kitu chenyewe: vifaa hivyo vilitumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kisha vikagawiwa walimu, na neno likaenea hadi shule za vijijini.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ambayo haijapewa uzito unaostahili, nayo ni istilahi za mipangilio ya umeme. Huenda sababu ni kwamba sehemu hiyo huonekana ndogo. Mtumiaji hukutana na maneno matatu au manne tu katika menyu ya kuzimia kompyuta, akabonyeza moja, akaondoka. Lakini maneno hayo machache ndiyo yanayoamua kama kazi yake ya saa tatu ataikuta atakaporudi. Kwa hiyo istilahi yenye utata hapa humletea mtumiaji hasara, na si kero tu.

2.0 Hali za Kompyuta kwa Mtazamo wa Kiufundi

Kabla ya kuchambua maneno, hatuna budi kueleza vitu vinavyotajwa na maneno hayo. Mwaka 1992 makampuni ya Intel na Microsoft yalitoa utaratibu wa mwanzo wa kudhibiti umeme wa kompyuta ndogo, uitwao APM. Mwaka huohuo, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilianzisha alama ya Energy Star, iliyoanza na kompyuta na skrini zake. Kifaa kilichotaka kupewa alama hiyo kilipaswa kushuka hadi wati 30 au chini yake kinapokuwa katika mapumziko. Mnamo Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa utaratibu mpya, ACPI, ambao uliipa mifumo endeshi mamlaka makubwa zaidi juu ya matumizi ya umeme. Tangu mwaka 2013 utaratibu huo unasimamiwa na jumuiya ya UEFI.

ACPI huzipanga hali za kompyuta kwa herufi na namba. S0 ni hali ya kufanya kazi. S1, S2 na S3 ni hali za mapumziko ambapo kumbukumbu ya muda, yaani ile kumbukumbu inayobeba kazi iliyo wazi, bado inapewa umeme. Katika S4 yaliyomo katika kumbukumbu ya muda hunakiliwa katika diski kuu, kisha umeme hukatwa. S5 ni hali ya kuzimwa bila kuacha nakala yoyote, ingawa umeme kidogo bado hufika kwenye saketi ya kuwashia. Chini ya hizo zote ipo G3, yaani hali ya kompyuta iliyochomolewa kwenye umeme.

Tofauti kati ya S3 na S4 inahitaji kuelezwa kinaganaga. Kumbukumbu ya muda huhifadhi data kwa chaji ndogo sana za umeme ambazo huvuja zenyewe. Ili data isipotee, chaji hizo hurudishiwa upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Katika S3, prosesa imesimama, feni zimenyamaza na skrini ni nyeusi, lakini kazi hii ya kurudishia chaji inaendelea. Ndiyo maana kompyuta huamka katika sekunde chache, na ndiyo maana umeme ukikatika kwa muda mfupi tu, kompyuta ya mezani isiyo na betri hupoteza kila kitu ambacho hakijahifadhiwa. Katika S4, kinyume chake, kompyuta inaweza kuchomolewa, ikapakiwa ndani ya gari, ikasafirishwa kutoka Singida mjini hadi Manyoni, na itakapowashwa huko ikarudisha nyaraka zilezile zilizokuwa wazi.

Kati ya hali hizi mbili ipo hali mseto, iliyoletwa na Windows Vista: kumbukumbu ya muda inaendelea kupewa umeme, na wakati huohuo nakala yake imewekwa katika diski kuu. Umeme usipokatika, kompyuta huamka upesi. Ukikatika, kazi hurejeshwa kutoka diski. Kompyuta za mpakato za kampuni ya Apple hutumia utaratibu unaofanana na huo.

Aidha, tangu Windows 8 (2012) imezuka hali nyingine inayoiga tabia ya simu ya mkononi. Kompyuta haitoki katika S0, bali hupunguza sana matumizi yake, huku ikiendelea kupokea ujumbe. Kompyuta nyingi mpya za mpakato zina hali hii badala ya S3.

3.0 Kwa Nini Singida?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo la kiufundi kama hili lipimwe kwa mkoa mmoja. Jibu ni kwamba istilahi hupimwa vizuri zaidi mahali ambapo kosa lake lina gharama.

Singida ni mkoa wa Kanda ya Kati wenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kiangazi kirefu kinachojaza miezi iliyosalia. Kwa upande wa umeme, mkoa una nafasi ya pekee. Njia ya msongo wa kilovoti 400 itokayo Iringa hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670, inapita Dodoma na Singida. Na ni kituo cha Singida kinachoiunganisha gridi ya Tanzania na ya Kenya kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya. Hivyo umeme mwingi unapita Singida.

Lakini kupitiwa na umeme si sawa na kuwa nao kila saa. Nchi nzima imepitia vipindi vya mgao wa umeme, vikiwemo vya mwaka 2006, 2011 na 2023. Bwawa la Julius Nyerere, lililobuniwa kuzalisha megawati 2,115 na ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwanzoni mwa 2024, limepunguza sana upungufu wa uzalishaji. Hata hivyo, uzalishaji ni upande mmoja tu. Nguzo iliyoanguka, transfoma iliyoungua, matengenezo ya njia au uniti za LUKU zilizokwisha usiku, vyote hukata umeme hata pale mabwawa yanapojaa. Vijijini, zahanati na shule nyingine hutegemea umeme wa jua ambao nao hukoma betri zinapoishiwa chaji.

Tuchukulie mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Ikungi ambaye anaingiza alama za wanafunzi 200 katika kompyuta ya mezani. Kengele inalia, anakwenda darasani. Katika menyu anaona neno Lala, anabonyeza. Umeme unakatika kwa dakika mbili, unarudi. Anaporudi anakuta kompyuta imezimika na alama alizokuwa hajazihifadhi hazipo. Mwalimu huyu hakukosea kiufundi kwa kadiri ya maneno aliyopewa. Neno lala lilimwahidi kwamba kitu kilicholala kitaamka. Halikumwambia kwamba usingizi huo unategemea umeme.

4.0 Uchambuzi wa Maneno Yanayotumika

4.1 Lala

Kitenzi lala ni cha asili ya Kibantu na kina maana pana: kujinyoosha, kupatwa na usingizi, na kukaa mahali usiku kucha. Kutokana na maana hizo za msingi zimezaliwa nyingine nyingi. Biashara iliyolala ni ile isiyoendelea. Fedha zilizolala ni zile zisizozalisha. Chakula kilicholala ni kiporo. Katika kurasa za michezo, timu iliyolala ni ile iliyofungwa. Jambo linalounganisha matumizi haya ni kusimama kwa shughuli, na si usalama wa kile kilichosimama.

Kwa hiyo, kama neno la kutaja kwamba shughuli imesimama, lala linafaa. Udhaifu wake ni kwamba linafaa kwa S3, kwa hali mseto na kwa S4 bila kubagua. Mfasiri anayeanza na lala kwa S3 hulazimika kutafuta neno lingine kwa S4, na kwa kawaida huishia katika vivumishi vya kina: usingizi mzito, usingizi wa pono, kulala fofofo. Kiswahili ni tajiri sana katika eneo hili, lakini utajiri huo unahesabu kina cha usingizi, ilhali mtumiaji anahitaji kujua kazi yake iko wapi. Zaidi ya hayo, kina kinaweza kupotosha: mtu atadhani usingizi mzito ndio wenye hatari zaidi, kumbe katika kompyuta ndio wenye usalama zaidi.

4.2 Hali tuli na hali ya kusubiri

Virai hivi viwili vinakutwa katika baadhi ya tafsiri za programu na maelekezo ya vifaa. Hali tuli ina uzuri wa kutoegemea sitiari ya mwili wa binadamu. Hata hivyo tuli hueleza jinsi kitu kinavyoonekana kwa nje, na kwa nje kompyuta iliyo katika S3 na iliyo katika S4 hazitofautiani sana. Hali ya kusubiri ni bora kidogo kwa S3, kwani anayesubiri yu tayari. Lakini nayo haielezi kinachomwezesha kusubiri.

Tuongeze hapa kwamba kitenzi ganda, ambacho kingeweza kupendekezwa, kimekwisha kuchukuliwa. Watumiaji husema kompyuta imeganda wanapomaanisha kwamba imekwama na haijibu. Kukitumia kwa hali ya mapumziko kungeleta mgongano.

4.3 Sitiari ya majira

Neno la Kiingereza linalotumika kwa S4 limetokana na neno la Kilatini lihusulo majira ya baridi kali, na linataja wanyama wanaolala hadi theluji ipite. Sitiari hii haina mzizi Singida. Kinachojulikana huko ni kinyume chake: kiumbe kinachopumzika wakati wa kiangazi. Mbuyu hupukutisha majani na kukaa miezi mingi ukiwa mtupu, huku shina likiwa limejaa maji. Vichaka vya Itigi, uoto wa aina yake ulioko wilayani Manyoni na maeneo jirani, navyo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua mvua inaponyesha.

Ni kishawishi kikubwa, basi, kupendekeza usingizi wa mbuyu kuwa istilahi ya S4. Sitiari hii ina ukweli ndani yake, kwani mbuyu hauishi kiangazi kwa kulala tu, bali kwa kile ulichoweka ndani. Hata hivyo hatuipendekezi. Istilahi nzuri haina budi kueleweka na mtu wa Pemba au Bukoba kama inavyoeleweka na mtu wa Manyoni, na mtu asiyeijua siri ya shina la mbuyu ataona mti uliokauka tu. Tunachochukua kutoka katika sitiari hiyo ni wazo lake la ndani, yaani akiba.

4.4 Zima na minyambuliko yake

Kitenzi zima kinavutia kwa sababu mnyambuliko wake unabeba habari ambazo Kiingereza hulazimika kuzieleza kwa maneno mengi. Tuangalie mifano ifuatayo:

(1) a. Kompyuta imezimwa.
b. Kompyuta imezimika.
c. Kompyuta imejizima.
d. Kompyuta imezima.

Katika (1a) yupo mtendaji, hata kama hatajwi. Katika (1b) hali imetokea bila mtendaji, mathalani kwa kukatika umeme. Katika (1c) mashine yenyewe imefuata mpangilio iliopewa, kwa mfano kujizima betri inapofika asilimia 5. Mfano (1d), ambao ndio unaosikika zaidi katika mazungumzo, haubagui lolote kati ya hayo. Fundi anayeuliza maswali kwa simu anahitaji kumtoa mteja wake kutoka (1d) hadi mojawapo ya tatu za mwanzo, kwani kila moja inaelekeza kwenye tatizo tofauti.

Maana ya zima nayo imebadilishwa chinichini na teknolojia. Tangu Windows 8, mtumiaji anapochagua kuzima, kompyuta nyingi hufunga programu zake lakini huandika nakala ya kiini cha mfumo katika diski kuu ili ziwake haraka baadaye. Kilichowekwa akiba hapo ni mfumo, si kazi ya mtumiaji. Matokeo yake ni kwamba katika kompyuta hizo kuwasha upya husafisha mfumo zaidi kuliko kuzima na kuwasha, jambo ambalo ni kinyume cha matarajio ya watumiaji wengi.

5.0 Pendekezo la Seti ya Istilahi

Kutokana na uchambuzi huu, tunaona kwamba hali za mapumziko zinatofautishwa na maswali mawili. Swali la kwanza: je, hali hii inahitaji umeme ili idumu? Swali la pili: je, ipo nakala ya kazi katika diski kuu? Tunapendekeza kitenzi kijibu swali la kwanza na kirai kwa akiba kijibu la pili:

(2) a. Laza: umeme unahitajika, hakuna nakala (S3).
b. Laza kwa akiba: umeme unahitajika, nakala ipo (hali mseto).
c. Zima kwa akiba: umeme hauhitajiki, nakala ipo (S4).
d. Zima: umeme hauhitajiki, hakuna nakala ya kazi (S5).

Seti hii ina sifa kadhaa. Kwanza, ina mfumo: mtu akijua maneno matatu anaweza kuzitambua hali nne. Pili, inaiweka S4 mahali pake kwa mujibu wa umeme, yaani katika ukoo wa kuzima na si wa kulala. Mtumiaji akisoma zima anajua kwamba anaweza kuchomoa waya. Akisoma laza anajua kwamba hawezi. Tatu, ina mwangwi wa vitenzi vingine vya menyu. Zima, washa na amsha vyote ni vitenzi elekezi: mtumiaji anaitenda mashine. Lala si kitenzi elekezi, na katika menyu husikika kama amri kwa mashine ijitende yenyewe. Laza kinarudisha ulinganifu. Lala na amka vibaki kutaja jambo linalotokea lenyewe, kama vile: kompyuta italala baada ya dakika 15.

Inaweza kupingwa kwamba laza huwakumbusha watu hospitali, kwani mgonjwa hulazwa. Pingamizi hili si zito. Mtoto naye hulazwa na mama yake, na nguzo hulazwa chini kabla ya kusimamishwa; muktadha hutosha kuondoa utata.

Pingamizi zito zaidi linahusu akiba. Kwa nini lisitumike hifadhi, ambalo limezoeleka? Tunajibu kwamba hifadhi tayari lina kazi yake: kuandika faili kwa jina na mahali palipochaguliwa na mtumiaji. Nakala ya S4 si faili ya aina hiyo. Hutengenezwa na mfumo, hukaa mahali pasipoonekana, na hupoteza kazi yake mara kompyuta inapoamka. Kutumia neno moja kwa mambo mawili kungemfanya mtumiaji adhani kwamba akizima kwa akiba hana haja ya kuhifadhi waraka wake. Methali husema akiba haiozi, lakini akiba hii ni ya safari moja tu.

Kwa ile hali ya S0 iliyopunguzwa, tunapendekeza kusinzia. Anayesinzia bado husikia akiitwa, yu katika mang'amung'amu, wala hajalala; ndivyo kompyuta hiyo inavyoendelea kupokea ujumbe. Kwa upande wa umeme, kusinzia ni ndugu wa kulala: betri ikiisha bila tahadhari nyingine, kazi hupotea.

Ni vyema kutaja kwamba wahandisi wenyewe wamewahi kufuata mantiki inayokaribiana na hii. Katika kiini cha Linux, hali mbili kuu za mapumziko huamriwa kwa maneno mafupi 'mem' na 'disk', yaani kumbukumbu na diski. Kila jina linataja mahali kazi ilipo. Pendekezo letu linaleta uwazi huo kwa mtumiaji wa kawaida bila kumlazimisha ajue vipuri vya ndani.

6.0 Istilahi Katika Matumizi

Thamani ya istilahi huonekana inapotumiwa kutoa maelekezo. Tujaribu kuandika kwa istilahi hizi mwongozo mfupi wa maabara ya kompyuta za mezani katika shule isiyo na vifaa vya UPS.

Kwanza, skrini izimwe baada ya dakika 5 bila matumizi. Hatua hii haihatarishi kazi yoyote. Pili, kompyuta zisilazwe bila akiba. Mahali ambapo mashine inaruhusu, uchaguliwe mpangilio wa kulaza kwa akiba, na baada ya saa moja kompyuta ijizime kwa akiba. Tatu, menyu irekebishwe ili ionyeshe chaguo la kuzima kwa akiba, kwa kuwa tangu Windows 8 chaguo hilo kwa kawaida limefichwa na sharti liwashwe katika mipangilio. Nne, mwisho wa siku kompyuta zote zizimwe, na swichi ya ukutani ikatwe.

Kwa kompyuta za mpakato hatari ni ndogo, kwa sababu betri hufanya kazi ya akiba ya umeme. Inatosha kuhakikisha kwamba betri inapofikia kiwango cha hatari kompyuta inajizima kwa akiba, na si kuendelea kulala hadi chaji iishe.

Faida ya matumizi ya umeme nayo inaweza kukadiriwa. Tuchukulie maabara ya kompyuta 20, kila moja ikitumia wati 60 inapokaa wazi bila kazi. Zikiachwa hivyo kwa saa 4 kwa siku, zinatumia uniti 4.8. Zikilazwa, na kila moja ikitumia wati 3, zinatumia uniti 0.24. Kwa siku 22 za masomo katika mwezi, tofauti ni uniti 100.32. Shule inayonunua umeme kwa LUKU inaiona tofauti hiyo moja kwa moja katika matumizi yake.

Akiba ina gharama zake pia. Faili ya nakala huchukua nafasi katika diski kuu. Katika Windows 10 ukubwa wake wa kawaida ni asilimia 40 ya kumbukumbu ya muda, hivyo kompyuta yenye gigabaiti 8 hutenga gigabaiti 3.2. Pia nakala hiyo hubeba chochote kilichokuwa wazi, zikiwemo siri. Katika ofisi ambazo kompyuta hutumiwa na watu wengi, au zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa, diski isiyofungwa kwa usimbaji inaweza kutoa siri hizo kwa atakayeiiba. Mahali kama hapo, kuhifadhi kisha kuzima bila akiba kunaweza kuwa uamuzi bora.

Inaonekana hapa kwamba istilahi hazikutuamulia jibu moja kwa wote. Zilichofanya ni kuwezesha uamuzi kujadiliwa na mkuu wa shule, mhasibu na fundi kwa maneno ambayo kila mmoja anayaelewa. Sentensi 'tusilaze bila akiba' inaweza kubandikwa ukutani na kufuatwa. Sentensi 'tusitumie S3' haiwezi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika istilahi za mapumziko ya kompyuta, sitiari ya usingizi peke yake haitoshi, kwa kuwa inaeleza mashine inavyoonekana na kuacha kueleza kazi ya mtumiaji inakaa wapi. Tumependekeza laza, laza kwa akiba, zima kwa akiba na zima, pamoja na sinzia, kwa vigezo viwili: kuhitaji umeme na kuwako kwa nakala.

Vigezo hivi havikutokana na kamusi za kigeni. Vimetokana na swali ambalo mtumiaji wa Singida, Kigoma au Lindi hujiuliza kila anapoinuka kitini: umeme ukikatika sasa hivi, nitapoteza nini? Lugha ya menyu iliyoandikwa kwa ajili ya nchi ambazo umeme haukatiki inaweza kulipuuza swali hilo. Lugha ya menyu iliyoandikwa kwa Kiswahili haiwezi.

Hatua inayofuata ni kuzijaribu istilahi hizi kwa watumiaji wenyewe, mjini na vijijini, kabla hazijafikishwa kwa vyombo vya usanifishaji. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti watapata hapa uwanja ambao haujalimwa vya kutosha: kupima iwapo mtu aliyesoma 'zima kwa akiba' kwa mara ya kwanza, bila maelezo, anatabiri kwa usahihi kitakachotokea atakapochomoa waya. Kipimo hicho, kwa maoni yetu, ndicho kitakachoamua kama istilahi hizi zinastahili kuingia katika menyu.